Panga la Kwenye Gemu ni Mali ya Nani?

Kijana anapomfuata paroko wake, au frateri aliyeko likizo ya kichungaji, na kumwuliza kama ni sawa kununua tokeni za gemu kwa fedha alizotumiwa za ada, mara nyingi anapata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza: gemu ni upuuzi, nenda kasome. La pili: hayo ni mambo yenu ya kisasa, mnayajua wenyewe. Majibu yote mawili yanamwacha kijana peke yake na mtu anayetaka kumwuzia.

Naandika kwa sababu swali lake lina jibu, na jibu hilo halihitaji shahada ya kompyuta. Linahitaji mtu ajue mambo machache kuhusu jinsi bidhaa hizi zinavyofanya kazi, kisha azipime kwa vipimo ambavyo Kanisa limekuwa navyo kwa karne nyingi. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani: kutumia tokeni za blokicheni kwa ajili ya biashara ya vitu vya kwenye gemu hakumpi mchezaji umiliki anaoahidiwa, na mahali ilipojaribiwa kwa ukubwa, walioumia zaidi ni maskini.

Biashara yenyewe si ngeni

Kwa wasiocheza gemu, nianze na msingi. Gemu nyingi za leo hutolewa bure au kwa bei ndogo, kisha kampuni huuza vitu vya ndani yake: panga, bunduki, farasi, mavazi ya mchezaji, na rangi za kupamba silaha ambazo vijana huziita skini. Anayecheza Free Fire kwenye simu anajua almasi zake hununuliwa kwa fedha halisi. Wengi hutumia kidogo tu, kama anayenunua soda. Baadhi hutumia nyingi.

Baada ya muda wachezaji wenyewe huanza kuuziana. Aliyepata panga adimu anamwuzia asiyelipata. Katika gemu ya Counter-Strike ya kampuni ya Valve, skini ziliingizwa Agosti 2013, na tangu hapo zimeuzwa na kununuliwa kwa fedha nyingi kupitia soko la kampuni hiyo na masoko ya pembeni. Kumbukumbu za nani ana nini hutunzwa kwenye kompyuta za kampuni, kama benki inavyotunza akaunti zetu. Hakuna blokicheni hapo, na biashara inakwenda.

Kampuni ya Blizzard nayo ilijaribu. Mwaka 2012, katika gemu yake ya Diablo III, ilifungua mnada ambapo wachezaji waliuziana silaha kwa fedha halisi. Machi 2014 iliufunga mnada huo kwa hiari yake. Mitambo ilikuwa ikifanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba utamu wa gemu ulikuwa katika kupigana na majini hadi upate silaha bora, na sasa ilikuwa rahisi zaidi kufungua pochi na kuinunua. Watu walikuwa wamebaki na duka, na mchezo umekufa. Tuushike mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba uhodari wa kompyuta katika kurahisisha biashara hautoshi kuifanya biashara hiyo iwe na faida kwa mchezo.

Tokeni inaongeza nini?

Sasa wanakuja watu wa blokicheni na kusema: tatizo ni kwamba daftari liko mikononi mwa kampuni. Kampuni ikiamua inaweza kukufutia panga lako. Tuliondoe daftari mikononi mwake.

Wanachama wa VICOBA wataelewa haraka. Fikirini kikundi ambacho daftari la hisa na mikopo haliko kwa katibu peke yake. Kila mwanachama ana nakala, na kila kinachoandikwa katika nakala moja lazima kikubaliwe na kuandikwa katika zote. Katibu akitaka kufuta deni la shemeji yake atagundulika, kwa kuwa nakala yake haitalingana na za wengine. Hiyo ndiyo blokicheni kwa ufupi: daftari moja lenye nakala nyingi, ambalo ni vigumu sana kulichezea. Tokeni ni mstari mmoja katika daftari hilo unaosema, kitu fulani ni cha fulani. Ile inayowakilisha kitu kimoja cha pekee, kama panga lako, ndiyo vijana huiita NFT.

Daftari la namna hii ni kazi ya akili kubwa na sina sababu ya kulidharau. Lakini hebu tuulize mstari ule umeandika nini hasa. Hapa nakwenda kwa mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani. Anapeleka korosho ghalani, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Karatasi ile ina thamani kwa sababu mbili: korosho zipo ghalani, na mtunza ghala anabanwa na sheria azitoe kwa mwenye stakabadhi. Ghala likiungua, au mtunza ghala akikataa na pasiwe na sheria ya kumbana, stakabadhi hata ikichapwa kwenye dhahabu haiwezi kukaangwa wala kuuzwa kama korosho.

Tokeni ya gemu ni stakabadhi isiyoghushika. Ghala ni seva ya kampuni. Panga linaonekana, linakata, linang'aa, kwa sababu kompyuta za kampuni zinasoma ile tokeni na kukubali kuchora panga kwenye skrini. Kampuni ikizima seva, mstari wako kwenye daftari unabaki palepale, salama kabisa, na panga halipo. Wala haibanwi kama mtunza ghala wa korosho, maana masharti ya matumizi ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma huipa kampuni haki ya kubadili au kufunga huduma.

Hili limekwisha tokea. Mwaka 2019 ilianzishwa gemu ya mbio za magari ya blokicheni iliyoitwa F1 Delta Time. Mei mwaka huo gari moja la kwenye gemu hiyo, ambalo ni tokeni, liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Machi 2022 gemu ilifungwa baada ya leseni ya kutumia jina la mashindano ya Formula 1 kutoendelea. Kampuni iliahidi kuwapa wenye magari mbadala katika gemu yake nyingine, na hilo ni jema. Lakini angalieni nani alitoa mbadala: ni kampuni, kwa uamuzi wake. Daftari lisilofutika halikuwa na gari la kumpa mtu.

Hata bila kufungwa, mwenye gemu ndiye mwenye bei. Oktoba 2025 Valve ilibadili kanuni moja katika Counter-Strike, ikaruhusu wachezaji kubadilisha skini za daraja la chini yake kidogo na kupata visu, ambavyo hadi hapo vilikuwa adimu sana. Ndani ya siku chache bei za visu ziliporomoka. Skini hizo si za blokicheni, lakini hata kama kila kisu kingekuwa na tokeni yake, tokeni isingezuia chochote, kwa kuwa uadimu unatoka kwenye kanuni, na kanuni inaandikwa na mwenye gemu.

Kuna ahadi nyingine: kwamba panga ulilonunua katika gemu moja utalibeba hadi gemu nyingine. Ukiulizwa ubebe goli la mpira wa miguu uende nalo kwenye bao utaelewa ugumu wake. Kila gemu ina vipimo vyake, michoro yake, kanuni zake. Ili panga la gemu ya kwanza lifanye kazi katika ya pili, mafundi wa ile ya pili wanapaswa kulichora upya na kulipangia nguvu, kwa gharama yao, ili kumhudumia mteja aliyempa fedha mshindani wao. Kampuni mbili zikitaka kufanya hivyo zinaweza kukubaliana leo bila tokeni. Zisipotaka, tokeni haiwezi kuzilazimisha.

Si ajabu basi kwamba wenye gemu wengi walisita. Valve ilizikataza gemu za blokicheni kwenye duka lake la Steam Oktoba 2021. Ubisoft ya Ufaransa ilianza kutoa NFT katika gemu yake moja Desemba 2021, na kufikia Aprili 2022 ilitangaza kwamba haitaongeza nyingine katika gemu hiyo. Mwaka huohuo, Julai, wenye Minecraft walizikataa wakisema zinaleta uadimu wa kutengenezwa na kuwatenga baadhi ya wachezaji, kinyume cha nia ya gemu yao ambamo watoto wote wanajenga kwa vifaa vilevile.

Yaliyowapata Wafilipino

Kama hasara ingeishia kwa matajiri wanaonunua magari ya kuchora, nisingechukua nafasi ya gazeti hili. Tatizo ni kwamba ilifika kwa ndugu zetu.

Axie Infinity ni gemu iliyoundwa na kampuni ya Sky Mavis yenye makao Vietnam. Mchezaji anafuga viumbe vidogo vinavyopigana, na kila kiumbe ni tokeni. Ili kuanza ulihitaji viumbe watatu. Ukishinda ulipata tokeni nyingine ndogo, iliyoitwa SLP, ambayo ungeweza kuiuza kwa fedha halisi. Wakati wa janga la Uviko, Ufilipino ilipofunga shughuli na watu kupoteza kazi, habari zilienea kuanzia mji wa Cabanatuan kwamba watu wanacheza gemu na kununua chakula. Ilikuwa kweli. Wapo madereva na akina mama wa nyumbani waliolipa madeni kwa fedha hizo. Nchi ile, ambayo wengi wa watu wake ni Wakatoliki, ikawa kitovu cha gemu hiyo duniani.

Kilele kilikuwa katikati ya mwaka 2021. SLP moja ilipita senti 30 za dola mwezi Julai. Viumbe watatu wa kuanzia walifika zaidi ya dola 1,000, fedha ambazo maskini hana. Ukazuka utaratibu wa wenye mitaji kununua viumbe na kuwakodisha kwa wachezaji, kisha kugawana mapato. Wachezaji hao waliitwa wanafunzi wa ufadhili. Kwa lugha ya kawaida walikuwa vibarua: shamba la mwingine, jembe la mwingine, na sehemu ya mavuno kwenda kwa mwenye shamba.

Fedha zilitoka wapi? Gemu haikuuza korosho wala kahawa. Watazamaji hawakulipa kiingilio kama uwanjani. SLP zilikuwa zikizaliwa kila siku kadiri watu walivyoshinda, na matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha viumbe wapya ili kuwauzia wachezaji wapya. Maana yake kilichomlipa mchezaji wa jana, kwa sehemu kubwa, kilitoka mfukoni mwa mchezaji wa leo. Wageni walipopungua, bei ilianguka. Kufikia katikati ya 2022 SLP ilikuwa chini ya senti moja ya dola. Aliyekuwa akipata mlo wa siku kwa saa chache za kucheza sasa hakupata hata nauli.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tunaikumbuka DECI, iliyozimwa na serikali mwaka 2009, ambapo watu walipanda mbegu ili wavune zaidi, na mavuno yakawa ni mbegu za waliokuja nyuma. Sisemi waanzilishi wa Axie walikusudia kudanganya. Walitengeneza gemu ya kweli, na wapo wanaoicheza hadi leo. Nasema mkondo wa fedha ulifanana, na blokicheni, pamoja na uwazi wake wote, haikuubadili mkondo huo.

Kisha kukaja wizi. Machi 2022 wezi waliingia katika Ronin, mtandao wa blokicheni uliotumiwa na Axie, wakaondoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Siku sita zilipita kabla wizi haujagundulika. Na hapa turudi kwenye VICOBA. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, ili pasiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Ronin ilikuwa na funguo tisa, na tano zilitosha kufungua. Nne zilikuwa kwa Sky Mavis yenyewe, na ya tano ilipatikana kupitia ruhusa ambayo kampuni hiyo ilikuwa imepewa na haikuondolewa. Mwizi alihitaji kuingia nyumba moja tu. Kikundi chochote cha akina mama wa kigango kingekataa mpangilio kama huo.

Baadaye Sky Mavis ilikusanya dola milioni 150 kwa wawekezaji ili kuwarudishia watumiaji fedha zao. Tena nasema ni jema. Na tena ni watu waliookoa watu. Tuliambiwa tuamini programu ili tusihitaji kumwamini mtu. Ilipofika siku ya shida, kilichobaki ni dhamira ya watu wa kampuni.

Kwetu hali haikuwa mbali. Mwaka 2024 vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakigonga vioo vya simu usiku kucha katika Hamster Kombat, gemu ya ndani ya Telegram iliyodai kuwa na watumiaji milioni 300. Tokeni zilipogawiwa Septemba mwaka huo, wengi walikuta miezi yao ya kugonga haifiki bei ya kilo chache za unga. Hawakuwekeza fedha, watasema wengine. Waliwekeza bando, usingizi, na saa za masomo, navyo ni mali.

Mchezo, kazi na haki

Waseminari wanaosoma falsafa na teolojia wana silaha nzuri kwa mjadala huu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya pili ya Summa Theologiae, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila katika michezo, naye anajibu kuwa ipo. Akili huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, aliyewaonyesha waliomshangaa akicheza na wanafunzi wake kwamba upinde ukivutwa bila kulegezwa utavunjika. Kwa hiyo paroko anayeita gemu zote upuuzi hana Tomaso upande wake. Kijana anayecheza na wenzake Jumapili jioni baada ya kazi ya wiki anafanya jambo la kibinadamu, mradi kiasi kizingatiwe.

Kwa sababu hiyohiyo tunapaswa kujali mchezo unapogeuzwa kuwa kitu kingine. Kila panga likiwa na bei ya soko inayopanda na kushuka kila saa, mchezaji hachezi tena, anachunga mtaji. Akishindwa hacheki. Upinde haulegezwi.

Na kama imekuwa kazi, basi tuipime kama kazi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, na kwamba mtaji uko kwa ajili ya kazi. Mchezaji wa kukodishiwa hakuwa na mshahara unaojulikana, wala bima, wala mahali pa kulalamika. Hatari yote ya soko aliibeba yeye, na kitega uchumi kilikuwa cha mwingine. Tungeyaona mazingira hayo kwenye shamba la mkonge tungepaza sauti.

Tomaso huyohuyo, katika swali la 77, anashughulikia udanganyifu katika kuuza na kununua. Anafundisha kwamba muuzaji anayejua kasoro iliyofichika katika bidhaa yake, ambayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, anawajibika kuitaja. Sasa tuchukue tangazo linalosema, nunua panga hili ulimiliki milele. Kasoro iliyofichika ni kwamba ghala si lako na linaweza kufungwa. Anayejua hivyo na akanyamaza anavunja haki, hata kama teknolojia yake ni safi. Na pale ununuzi unapokuwa kubahatisha tu, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inatupa mpaka: michezo ya bahati si dhambi yenyewe kwa yenyewe, ila haikubaliki inapomnyang'anya mtu anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Ada ya shule iko upande wa pili wa mpaka huo.

Wanaopinga wana hoja

Nisiwadhulumu wanaoiona tofauti. Wana malalamiko ya kweli: mchezaji anatumia miaka na fedha, kisha kampuni inamfungia akaunti au inazima gemu na hapati kitu. Huo ni uonevu. Lakini dawa yake inaonekana mahali pengine. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kwamba mnunuzi anapata leseni tu, pale isipokuwa mali yake kamili. Huko Ulaya, baada ya Ubisoft kuzima seva za gemu ya The Crew mwaka 2024, wananchi wa Umoja wa Ulaya walikusanya saini zaidi ya milioni moja kudai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata kampuni ikiondoka. Hayo yanambana mtunza ghala. Tokeni inaimarisha stakabadhi tu.

Hoja nyingine ni kwamba Wafilipino walikula kwa Axie wakati hakuna aliyewapa chakula. Kweli, na anayeshiba asimcheke aliyekuwa na njaa. Lakini aliyekula mwaka 2021 alilishwa na aliyeingia akiwa amechelewa, na huyo mara nyingi alikuwa maskini mwenzake aliyekopa. Msaada unaohamisha njaa kutoka jirani mmoja kwenda kwa mwingine hatuwezi kuuita maendeleo.

Na tuwe waaminifu katika kukosoa. Wengi wetu, tukiwa na Laudato Si' mkononi, tulipenda kusema blokicheni inakula umeme kama nchi nzima. Kwa Ethereum, mtandao uliobeba NFT nyingi, hoja hiyo haisimami tena, kwani Septemba 2022 ulibadili utaratibu wake na matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Tukitumia hoja iliyokwisha muda, kijana atatudharau hata katika ile iliyo hai. Vilevile zipo gemu chache za majaribio ambazo kanuni zake zote zimeandikwa ndani ya blokicheni, bila seva ya kampuni. Humo stakabadhi na ghala ni kitu kimoja, na tokeni ina maana. Ila si hizo ambazo kijana wa Mwanza au Morogoro anauziwa kwenye kundi la WhatsApp.

Cha kumwambia kijana

Kwa viongozi wa VIWAWA, makatekista na mafrateri watakaoulizwa, napendekeza maswali matatu, nayo yatoshe kwa mazungumzo ya jioni moja. Nani anashika ghala, na nini kinambana? Fedha ninayoahidiwa inatoka mfukoni mwa nani? Na je, ningecheza gemu hii kama isingekuwa na senti ndani yake?

Jibu la swali la kwanza likiwa ni kampuni isiyobanwa na chochote, kijana ajue ananunua starehe, si mali, na atumie kiasi ambacho angetumia kwa starehe. Jibu la pili likiwa ni wale watakaoingia baada yangu, asiingie, wala asimwingize rafiki. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kwa umma Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Akipoteza asitegemee dirisha la kurudishiwa. Jibu la tatu likiwa ni hapana, basi huo si mchezo. Ni kazi, na aulize kuhusu mshahara wake kama angefanya kwenye kazi nyingine yoyote.

Na jibu la tatu likiwa ndiyo, acheze. Amalize kazi zake za darasani, aombe kidhibiti kwa mdogo wake aliyekishika tangu mchana, acheze mechi mbili, kisha akalale. Panga lake la kwenye skrini halihitaji kuandikwa katika daftari la dunia nzima ili limfurahishe.